Wa pili kwa kura, wa nne kwa viti

Asubuhi ya Ijumaa, Novemba 1, 2024, Rais Mokgweetsi Masisi wa Botswana aliwaita waandishi wa habari mjini Gaborone kuwaeleza jambo ambalo hakuna kiongozi wa chama chake aliyewahi kulitamka. Kura zilikuwa bado zinahesabiwa katika baadhi ya majimbo, lakini hakusubiri. Alisema amekwisha kumpigia simu mpinzani wake, Duma Boko, kumpongeza, na kwamba atakaa pembeni na kusaidia makabidhiano ya madaraka yaende kwa utulivu. Siku hiyohiyo Jaji Mkuu alimwapisha Boko. Chama cha Botswana Democratic Party (BDP), kilichoshika dola tangu uhuru mwaka 1966, kikatoka Ikulu baada ya miaka 58.

Dunia iliusifu ustaarabu ule, nao ulistahili sifa. Lakini kwenye jedwali la matokeo kulikuwa na habari nyingine ambayo vichwa vya magazeti viliipita haraka. Kati ya viti 61 vya majimbo, muungano wa Boko, Umbrella for Democratic Change (UDC), ulizoa 36. Botswana Congress Party (BCP) kilipata 15, Botswana Patriotic Front (BPF) vitano, na mgombea binafsi kimoja. BDP kiliambulia viti vinne.

Sasa tazama safu ya kura. UDC ilipata takriban asilimia 37, BDP asilimia 30, BCP asilimia 21, na BPF asilimia 8. Chama kilichoshika nafasi ya pili kwa kura kikawa cha nne kwa viti. BPF, iliyopata karibu robo tu ya kura za BDP, ikakizidi kwa mbunge mmoja.

Anguko la namna hii huzungumzwa kama hasira ya wananchi iliyolipuka usiku mmoja. Hasira ilikuwepo, tena ya haki. Lakini hasira peke yake haitoshi kueleza jinsi watu watatu kati ya kila kumi wanavyobakiwa na wabunge wanne tu. Anguko la kishindo huandaliwa miaka mingi kabla ya siku ya kupiga kura, na mara nyingi huandaliwa na mfumo uleule wa uchaguzi uliokuwa ukikineemesha chama kinachoanguka. Chama kinachohesabu viti vyake na kusahau kuhesabu kura zake hakiwezi kuiona siku hiyo ikija.

Miaka ya neema

BDP kiliasisiwa mwaka 1962 na akina Seretse Khama na Quett Masire. Nembo yake ni jeki ya gari, na ndiyo iliyokipa jina la mtaani, Domkrag, kutoka lugha ya Kiafrikaana. Katika uchaguzi wa kwanza, Machi 1965, kilipata kura nne katika kila tano na viti 28 kati ya 31. Ule ulikuwa ushindi wa kura na wa viti kwa pamoja, na hakuna aliyekuwa na sababu ya kuutilia shaka.

Mwaka mmoja baada ya uhuru, almasi ziligunduliwa Orapa. Nchi iliyokuwa miongoni mwa maskini kabisa duniani ikapata fedha, na tofauti na nchi nyingi zilizobarikiwa madini, sehemu kubwa ya fedha hizo ilionekana kwa macho: barabara, shule, zahanati, maji. Wabotswana waliendelea kuirudisha BDP madarakani kwa sababu walikuwa wakiyaona matunda yake.

Kadiri miaka ilivyokwenda, viti na kura vikaanza kuachana. Mwaka 2004 BDP kilipata kura karibu asilimia 52, lakini viti 44 kati ya 57. Mwaka 2009 kilipata asilimia 53 na viti 45. Mwaka 2014 kilishuka chini ya nusu, takriban asilimia 46 na nusu, na bado kikaondoka na viti 37. Zaidi ya nusu ya wapigakura walikuwa wamechagua vyama vingine, na bado chama tawala kilikuwa na karibu theluthi mbili ya Bunge.

Siri ilikuwa katika hesabu ya jimbo. Botswana, kama makoloni mengi ya zamani ya Uingereza, hutumia utaratibu ambao mgombea mwenye kura nyingi kuliko wenzake ndiye mbunge, hata kama hajafika nusu. Chukua jimbo la mfano lenye wapigakura 10,000. Chama tawala kinapata 4,600, chama cha kwanza cha upinzani 3,400, cha pili 2,000. Watu 5,400 wamekikataa chama tawala, lakini mbunge ni wake. Rudia hesabu hiyo jimbo baada ya jimbo na utapata Bunge lililofurika wabunge wa chama ambacho zaidi ya nusu ya nchi haikukipa kura.

Na wapinzani wa Botswana walikuwa hodari wa kugawana kura. Mwaka 1998 chama kikuu cha upinzani, Botswana National Front, kilipasuka na kuzaa BCP. Mwaka uliofuata BDP kilijizolea viti 33 kati ya 40. Hata baada ya UDC kuundwa mwaka 2012 ili kuziunganisha kura za upinzani, BCP ilibaki nje katika uchaguzi wa 2014. Matokeo yake yanafaa kukumbukwa: BCP ilipata asilimia 20 ya kura za nchi nzima na viti vitatu tu. Miaka kumi baadaye, kwa asilimia 21, ilipata viti 15. Sehemu yake ya kura ilikuwa karibu ileile, lakini wabunge waliongezeka mara tano.

Kuna jambo jingine la kuzingatia hapo. Rais wa Botswana hapigiwi kura moja kwa moja. Kila mgombea ubunge hutangaza mapema anamuunga mkono nani kwa urais, na mgombea urais ambaye wabunge wake wamepata zaidi ya nusu ya viti ndiye anayetangazwa mshindi. Ni mfumo wa kibunge ingawa mkuu wake anaitwa rais. Kwa hiyo hesabu ya majimbo haigawi viti vya Bunge pekee. Inatoa serikali nzima, kuanzia Ikulu hadi wizara ya mwisho.

Kikulacho ki nguoni mwako

Kwa nini basi mwaka 2024 hesabu hiyo ilimgeuka bwana wake? Kwanza, uchumi. Almasi zilikuwa zikiiletea Botswana karibu asilimia 80 ya mapato ya mauzo ya nje. Soko la dunia lilipodorora, na almasi za maabara zikaanza kuuzwa kwa bei ndogo, mauzo ya Debswana, kampuni inayomilikiwa nusu kwa nusu na serikali na De Beers, yaliporomoka kwa karibu nusu katika miezi sita ya kwanza ya 2024. Zaidi ya robo ya nguvukazi haikuwa na ajira, na vijana ndio walioumia zaidi. Boko aliwaahidi kima cha chini cha mshahara cha pula 4,000. Watu wapatao wanane kati ya kila kumi waliojiandikisha walijitokeza kupiga kura.

Pili, na hili ndilo lenye uzito zaidi, nyumba ilibomolewa na wenye nyumba. Ian Khama, mtoto wa Seretse na rais wa nne wa nchi hiyo, alimkabidhi Masisi madaraka Aprili 2018. Haikupita muda wakafarakana hadharani. Mwaka 2019 Khama aliihama BDP, chama alichokiasisi baba yake, na kuiunga mkono BPF iliyozaliwa mwaka huohuo. Mwishoni mwa 2021 alikwenda kuishi Afrika Kusini, akafunguliwa mashtaka yakiwemo ya kumiliki silaha kinyume cha sheria, na akarejea Septemba 2024, wiki chache kabla ya uchaguzi, kupiga kampeni dhidi ya chama cha baba yake. Katika BDP yenyewe, kura za maoni ziliacha manung'uniko, na baadhi ya waliokatwa wakaamua kusimama kama wagombea binafsi.

Sasa rudi kwenye ramani. Nguvu ya UDC ilikuwa zaidi kusini na mijini. Ya BCP ilikuwa kaskazini na mashariki, na ya BPF Serowe na maeneo jirani, nyumbani kwa ukoo wa Khama. Upinzani ulikuwa bado umegawanyika, kwa kuwa BCP, iliyokuwa imejiunga na UDC baada ya 2014, ilikwisha kujitoa tena, lakini safari hii uligawanyika kimaeneo. Kila chama kilikuwa na eneo lake la kushinda. Kura za BDP zilitapakaa nchi nzima, kama kijiko cha chumvi kilichomwagwa kwenye pipa la maji: ipo kila mahali, na hakuna mahali inapokolea. Kikawa cha pili hapa, cha pili pale, cha tatu kule. Katika utaratibu huu, wa pili na wa mwisho hupata kitu kilekile, nacho ni patupu.

Linganisha. Mwaka 2014 UDC ilipata asilimia 30 ya kura na viti 17. Mwaka 2024 BDP kilipata asilimia 30 na viti vinne. BDP kilikuwa na miaka mingi ya kuliona jambo hili na kulirekebisha. Hakikuona haja, kwa kuwa kila baada ya miaka mitano jedwali la viti liliwaambia viongozi wake kwamba wanapendwa.

Usiku wa Canada

Botswana si ya kwanza. Mfano unaosimuliwa zaidi katika historia ya mabunge ni wa Oktoba 25, 1993, nchini Canada.

Chama cha Progressive Conservative chini ya Brian Mulroney kiliingia madarakani mwaka 1984 kwa viti 211 kati ya 282. Hakuna chama cha Canada kilichowahi kupata viti vingi hivyo. Mulroney aliifanya kazi hiyo kwa kuwaweka katika kapu moja watu wasiofanana: wahafidhina wa majimbo ya magharibi, waliohisi Ottawa inawapuuza, na wazalendo wa Quebec, waliotaka jimbo lao litambuliwe kikatiba kuwa la pekee. Mwaka 1988 alishinda tena, viti 169 kati ya 295 kwa asilimia 43 ya kura. Kama kwa BDP ya 2014, kura zilikuwa chini ya nusu, na viti vilizidi nusu kwa mbali.

Kisha kapu likapasuka. Mkataba wa Meech Lake, uliokuwa na lengo la kuiridhisha Quebec, ulikufa Juni 1990. Wa pili, wa Charlottetown, ulikataliwa na wananchi katika kura ya maoni ya Oktoba 1992. Hapohapo serikali ilianzisha kodi ya bidhaa na huduma ya asilimia 7, iliyoanza Januari 1991 na ambayo kila Mcanada aliiona kwenye risiti ya kila alichonunua. Ili ipite, Mulroney ilibidi ateue maseneta wanane wa ziada. Wa magharibi wakahamia Reform Party ya Preston Manning. Wa Quebec wakamfuata Lucien Bouchard, waziri wa Mulroney mwenyewe, aliyejiuzulu na kuanzisha Bloc Québécois. Kama ilivyokuja kutokea kwa BDP, waliokizika chama walikuwa wamekula nacho sahani moja.

Mulroney alijiuzulu, na Juni 1993 Kim Campbell akawa mwanamke wa kwanza kuwa waziri mkuu wa Canada. Kwa wiki kadhaa ilionekana sura mpya ingetosha. Haikutosha, na katika siku za mwisho wa kampeni, chama kikiwa kinazama, kilirusha tangazo la televisheni lililoonyesha kwa karibu picha za Jean Chrétien, kiongozi wa Liberal, ambaye upande mmoja wa uso wake ulikuwa umepooza, huku sauti zikihoji kama huyo anafanana na waziri mkuu. Nchi ilikasirika, na wagombea wa chama chenyewe walitaka tangazo liondolewe. Liliondolewa upesi. Chrétien alijibu kwa utulivu kwamba Mungu alimpa kasoro hiyo na ameikubali tangu utotoni. Chama kilichokuwa na serikali nzima mkononi kilikuwa kimefika mahali pa kuucheka uso wa mtu.

Usiku wa matokeo, Liberal walipata viti 177, Bloc 54, Reform 52, na New Democratic Party tisa. Progressive Conservative walipata viwili: Jean Charest wa Sherbrooke, waziri pekee aliyenusurika, na Elsie Wayne wa Saint John. Campbell mwenyewe alibwagwa jimboni kwake Vancouver na Hedy Fry.

Tazama kura pia. Chama hicho kilipigiwa kura zaidi ya milioni mbili, asilimia 16. Bloc, iliyosimamisha wagombea Quebec tu, ilipata asilimia 13.5 na ikawa Kambi Rasmi ya Upinzani kwa viti 54, ingawa ilikuwa na lengo la kuitenga Quebec na Canada. Wenye kura zilizorundikana mahali pamoja walizawadiwa, na wenye kura zilizoenea nchi nzima wakafutwa. Kwa kuwa chama kilihitaji wabunge 12 kutambuliwa rasmi bungeni, Progressive Conservative walipoteza hata hadhi hiyo. Hawakurudi tena kuwa chama kikubwa. Desemba 2003 walijiunga na wenzao wa magharibi kuunda chama kipya cha Conservative, kilichoshinda uchaguzi mwaka 2006.

Sitini kwa sifuri

Katika Bahari yetu ya Hindi kuna nchi ambayo imepitia hali hii mara tatu. Kisiwa kikuu cha Mauritius kina majimbo 20, kila moja likichagua wabunge watatu. Mwaka 1982, mwaka 1995 na mwaka 2024, upande mmoja ulishinda viti vyote 60.

Majina yanajirudia. Mwaka 1982 Anerood Jugnauth alimwangusha Seewoosagur Ramgoolam, baba wa uhuru wa taifa hilo. Mwaka 1995 Navin Ramgoolam, mtoto wa Seewoosagur, alimwangusha Anerood Jugnauth. Novemba 10, 2024, siku kumi na moja baada ya uchaguzi wa Botswana, Navin huyohuyo alimwangusha Pravind Jugnauth, mtoto wa Anerood.

Pravind aliingia katika kampeni akiwa na habari njema mkononi: Oktoba 3, Uingereza ilikuwa imetangaza kukubali kuirudishia Mauritius visiwa vya Chagos. Kisha zikaanza kusambaa mtandaoni sauti za mazungumzo ya simu ya wanasiasa, waandishi wa habari na maofisa, na nchi nzima ikajua kwamba watu walikuwa wakisikilizwa. Serikali ilijibu kwa kuamuru mitandao ya kijamii ifungwe hadi baada ya uchaguzi. Marufuku hayo hayakumaliza hata siku mbili kabla ya kuondolewa, lakini wapigakura walikwisha kupata jibu lao. Muungano wa Ramgoolam ulipata zaidi ya asilimia 60 ya kura. Muungano wa Jugnauth ulipata zaidi ya robo na haukuchaguliwa kwa kiti hata kimoja.

Mauritius ina kinga ndogo: katiba inatoa viti vichache kwa walioshindwa vizuri zaidi, ili jamii zote ziwakilishwe. Kwa njia hiyo watu wawili wa upande wa Jugnauth waliingia bungeni, na mmoja wao, Joe Lesjongard, akawa kiongozi wa upinzani. Barbados haina kinga hiyo. Chama cha Mia Mottley kilipochukua viti vyote 30 mwaka 2018, askofu Joseph Atherley, aliyechaguliwa kwa tiketi ya chama hichohicho, alivuka na kukaa upande wa pili wa ukumbi ili nchi iwe na kiongozi wa upinzani. Afadhali yeye kuliko hakuna. Lakini nchi inayolazimika kumwazima mpinzani kutoka kwa mshindi imepungukiwa na kitu cha msingi. Nani atauliza fedha za umma zimekwenda wapi? Nani atausoma muswada kifungu kwa kifungu akitafuta kosa?

Na mshindi wa yote hatulii kwa hilo. Serikali ya sitini kwa sifuri ya mwaka 1982 ilivunjika ndani ya miezi tisa, na nchi ikarudi kwenye uchaguzi mwaka 1983. Ile ya mwaka 1995 ilipoteza mshirika wake mkuu mwaka 1997, na mwaka 2000 Navin Ramgoolam akaondolewa. Pale ambapo hakuna mpinzani ndani ya Bunge, upinzani huzaliwa ndani ya serikali yenyewe.

Washindi wa leo wanayo sababu ya kulitafakari hilo. Nchini Uingereza, Julai 4, 2024, Conservative waliporomoka kutoka viti 365 hadi 121, vichache kuliko wakati wowote katika historia yao. Labour walichukua 411 kwa asilimia 34 tu ya kura. Ni theluthi moja ya waliopiga kura, katika uchaguzi ambao watu wanne kati ya kila kumi hawakupiga kabisa. Kule Gaborone, Boko alirithi hazina iliyokauka. Agosti 2025 ilibidi atangaze hali ya dharura ya afya ya umma kwa sababu ya upungufu wa dawa na vifaa hospitalini. Wabunge 36 hawajazi stoo ya dawa, na asilimia 63 ya wapigakura waliochagua vyama vingine bado wapo.

Sisi wa pwani hii tunalijua

Msomaji wa Afrika Mashariki asidhani haya ni ya mbali. Julai 1963, katika uchaguzi wa mwisho kabla ya uhuru wa Zanzibar, Afro-Shirazi Party ilipata zaidi ya asilimia 54 ya kura na viti 13 kati ya 31. Muungano wa vyama vya ZNP na ZPPP ulipata viti 18 na kuunda serikali. Uhuru ulikuja Desemba 10. Januari 12, 1964, yakaja Mapinduzi. Chanzo chake hakikuwa kimoja, na historia ile ina majeraha mengi. Lakini wanahistoria wengi wanapohesabu sababu, pengo lile kati ya kura na viti huwa miongoni mwake. Watu waliohesabu kura zao na kujikuta wengi, kisha wakaambiwa wameshindwa, hawakuwa na sababu ya kuuamini utaratibu ule.

Lesotho ililipa pia. Mei 1998 chama cha Lesotho Congress for Democracy kilipata zaidi kidogo ya asilimia 60 ya kura na viti 79 kati ya 80. Wapinzani walikesha nje ya lango la kasri la mfalme mjini Maseru. Septemba mwaka huo majeshi ya Afrika Kusini na Botswana yaliingia, maduka yakachomwa, watu wakafa. Baada ya hapo Wasotho walikaa chini na kubadili utaratibu. Bunge likawa na viti 120: 80 vya majimbo kama zamani, na 40 vya fidia, vinavyogawiwa ili jumla ya wabunge wa kila chama ikaribiane na sehemu yake ya kura. Ulianza kutumika mwaka 2002. Serikali za Lesotho zimeendelea kuanguka, na vyama vimeendelea kupasuka, kwa hiyo si dawa ya kila ugonjwa. Lakini anayeanguka huko anabaki na sauti bungeni. Botswana, ambayo askari wake waliyaona hayo ya Maseru kwa macho yao, iliendelea na utaratibu wake wa zamani.

Afrika Kusini inaonyesha tofauti hiyo waziwazi. Mei 29, 2024, miezi mitano kabla ya anguko la BDP, African National Congress nacho kilipata pigo kubwa kuliko yote tangu 1994, kikishuka kutoka asilimia 57 hadi 40. Kwa kuwa viti vya nchi hiyo hugawiwa kwa uwiano wa kura, kilipata viti 159 kati ya 400, karibu sawa na sehemu yake ya kura. Kiliadhibiwa, kikapoteza wingi wake, kikalazimika kuwaalika mahasimu wake serikalini. Hakikufutwa. Kwa hesabu hiyo, BDP kingekuwa na viti 18 hivi kati ya 61 badala ya vinne, na Boko angelazimika kutafuta mshirika.

Wapo wanaoutetea utaratibu wa zamani, na hoja yao si ya kupuuzwa. Wanasema mwananchi anamjua mbunge wake kwa jina na anajua mlango wa kugonga. Wanasema pia kwamba anguko la kishindo ni silaha ya umma: siku moja, kwa amani, watu wanaweza kuondoa serikali yote, bila mazungumzo ya chini kwa chini ya kuirudisha kwa mlango wa nyuma. Botswana ilifanya hivyo bila risasi hata moja, na katika bara letu hilo ni jambo kubwa. Lakini Lesotho imeonyesha kwamba mbunge wa jimbo anaweza kubaki, na silaha ya umma ikabaki, bila kuzitupa sauti za theluthi nzima ya nchi.

Kwa hiyo tujizoeze kusoma matokeo kwa namna nyingine. Usiku wa uchaguzi, redio na televisheni zinapotangaza nani amezoa majimbo mangapi, mwananchi aulize safu ya pili: kura ngapi? Mwandishi wa habari aiandike kwenye aya ya kwanza. Chama tawala, hapa na popote, kiibandike safu hiyo ukutani katika ofisi zake, hasa katika mwaka ambao viti vimefurika na kura zimepungua, maana huo ndio mwaka wa hatari. Cheo ni dhamana, na kipimo cha dhamana ni watu walioitoa, si viti vilivyojaa.

BDP kilikuwa na zaidi ya nusu karne ya kuubadili utaratibu uliokuja kukiangamiza. Mwaka 2004 kilikuwa na wabunge 44 wa kupitisha bungeni mageuzi yoyote kiliyoyataka. Progressive Conservative walikuwa na 169. Vyote viwili vilidhani mageuzi ya uchaguzi ni kilio cha wanyonge walioshindwa. Chama kinachotaka kuishi baada ya siku yake ya kuanguka kirekebishe mfumo kingali na nguvu, kwa sababu siku hiyo ikifika hakitakuwa na wabunge wa kuipeleka hoja hiyo bungeni.